Reli za Boti ya Ojambo

Mwanangu, weka hiyo drili chini kwanza. Iko asubuhi moja naikumbuka hata nikikataa, na leo utaisikia.

Nilikuwa kijana, fundi wa boti kule ziwani, upande wetu wa Busia, Uganda. Rafiki yangu Ojambo alinipa boti yake ya mashindano nifunge reli za tanga la mbele, zile zinazoshika kapi linalopitisha kamba ya tanga. Mzee Wandera, aliyenifundisha kazi, akanionya: "Usitoboe boti kwanza. Funga kapi kwa kamba, mwende majini siku tatu. Mkiukabili upepo, tazama zile nyuzi zilizoshonwa kwenye tanga kuonyesha upepo. Za juu na za chini zikitikisika pamoja, hapo ndipo mahali pake."

Siku tatu! Niliona haya watu wanione na makapi ya kufungafunga, kama mwanagenzi. Nikavuka mpaka, nikapima kwa uzi reli za boti iliyokuwa ikishinda kule Kenya, nikarudi nikatoboa vilevile. Boti ile ilikuwa pana kuliko ya Ojambo, na tanga lake kubwa. Sikujali.

"Tayari?" Ojambo akauliza.

"Tayari kabisa." Ee Mungu wangu.

Asubuhi ya mashindano upepo ulitoka nchi kavu. Kwenda, boti ya Ojambo ilikimbia vizuri. Kurudi, upepo ukazidi. Wenzake wakaukabili wakaja ufukoni, yeye akawa anateleza pembeni tu. Reli zilikuwa nyuma mno na nje mno, tanga limefunguka juu, halivuti. Kila akigeuza anazidi kwenda mbali, nami nimesimama ufukoni namwona. Boti ya injini ilipofika, yake ilikuwa imepinduka. Yeye alipatikana kesho yake, amekufa maji.

Mzee Wandera hakunifokea. Matangani alikaa kando yangu, akasema, "Mama yake anauliza nani alifunga zile reli. Nenda umwambie mwenyewe."

Nikaenda. Yule mama akanitazama, akasema, "Ulikuwa na haraka gani, mwanangu?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami.

Sasa nyinyi mnaona boti ya watu kwenye simu, mnatoboa palepale. Hapana! Kila boti na tanga lake. Jaribu kwanza majini, na wakikucheka, wacheke. Uzi wa juu ukitangulia kutikisika, sogeza kapi mbele. Kama hujamaliza, sema hujamaliza.

Mimi sitegemei tena kusamehewa. Wewe, Mungu akupe mikono ya subira, na kila utakayemfungia tanga arudi kwa mama yake akiwa hai.