Bakteria wa Farasi na Mwiko Wake

Mdogo wangu alipofika Kasongo, vumbi la njia ya Kindu likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi, hakuomba kwanza maji ya kuoga. Aliuliza kama nyumbani simu inashika rezo. Nikamwonyesha mahali petu, nyuma ya jiko, karibu na mpapai, ambapo ukisimama na kuinua simu kidogo ujumbe huingia. Akasimama pale, begi likiwa bado mgongoni. Hakikuingia kitu.

Alikuwa anangoja habari za bakteria.

Wazazi wetu walipokufa, mimi wa kwanza niliacha shule katika mwaka wa sita wa msingi, nikashika jembe la mihogo na kazi ya mafuta ya mawese, na wadogo zangu wakaendelea. Huyu ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Anasomea uganga wa mifugo Lubumbashi, na huko wako watu wanaofuga farasi wa kupanda kwa mchezo. Katika koo la farasi mmoja mzima, asiyeumwa, alipata bakteria ambaye hakufanana sawasawa na yeyote anayejulikana. Huko chuoni wakausoma urithi wake tangu mwanzo hadi mwisho, wakamlinganisha na jamaa zake wote, na walimu wake wakakubali kwamba ni aina mpya.

Lakini kukubali kwao hakutoshi. Bakteria mpya hapokelewi mpaka awe hai katika nyumba mbili za kuhifadhia, katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote mwenye shaka aweze kumwomba na kumwangalia mwenyewe. Nyumba ya kwanza ilishajibu kwamba yu hai. Ya pili ilimpokea akiwa amekaushwa kama unga ndani ya kichupa, na ilikuwa bado inajaribu kumwamsha. Asipoamka kabla mdogo wangu hajarudi Lubumbashi, ingebidi kuanza upya maombi na vibali vya mipakani, na mwaka wa masomo ungempita.

“Yaya,” aliniambia, kama kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa, tulipokuwa tunakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, “akiamka, jina litatoka kwako. Weye ndiye mukubwa.”

Ni kweli. Baba hayupo, kwa hiyo watoto wote wa wadogo zangu majina yao nimeyatoa mimi. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, “Tutampa jina la mama.”

Akacheka mpaka tonge likamponyoka. “Basi twende Wamaza tukamuulize mama mukubwa kwanza.”

Mama mukubwa ni dada ya mama, na ndiye aliyebaki. Kesho yake tukachukua pikipiki mbili kwenda kijijini kwake, upande wa Kabambare. Kwenye matope tulishuka na kusukuma pamoja na madereva, na kila kilima mdogo wangu alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Tulimkuta mama mukubwa anapepeta mchele. Alitukumbatia, akatukalisha, akamsikiliza mdogo wangu hadi mwisho bila kuacha ungo.

“Farasi ndiyo nini?”

“Mama, iko kama mbuzi mukubwa sana, haina pembe, na watu wanapanda juu yake.”

“Iko na nguvu ya kubeba mutu?”

“Hata wawili.”

“Na mumeiacha Lubumbashi icheze, miye hapa nabeba mihogo kwa kichwa!”

“Ingekuja huku mbung'o zingeimaliza, mama.”

“Aa. Basi ibaki kwao.” Akapuliza makapi. “Na weye umesoma hiyo miaka yote juu ya kuangalia mate yake.”

Hata mdogo wangu alicheka. Kisha mama mukubwa akauliza swali ambalo kila mgeni huulizwa huku Kabambare kabla sahani haijawekwa mbele yake, kwa sababu kila ukoo una mwiko wake na ni aibu kumwandalia mtu nyama ya mwiko wake.

“Huyo mugeni, ni wa ukoo gani? Hakule nini?”

Mdogo wangu alikaa vizuri kitini. Akamweleza kwamba hata wao chuoni huanza hivyo: wanamwekea bakteria sukari za namna nyingi, kila moja katika kichupa chake, na kichupa kikigeuka rangi wanajua amekula. Huyu alikula karibu zote ambazo jamaa zake wanakula, isipokuwa sukari iliyo ndani ya maziwa. Hiyo hakuigusa.

“Ndugu zake wanaikula?”

“Wote.”

“Basi mama yake aliolewa mbali,” alisema mama mukubwa, na akaridhika kabisa.

Ndipo nikataja habari ya jina. Ungo ukasimama.

“Jina la mudogo wangu? Kwa mate ya nyama? Hapana, mwanangu. Tena kitovu bado hakijaanguka! Mutoto hapewe jina mbele kitovu kianguke. Mukitaja jina, naye akafa kule katika kichupa, mutalia na nani?”

Nilikuwa nalitaka sana jina la mama, sitaficha. Lakini kwetu jambo likishasemwa hivyo halijadiliwi. Tangu wakati huo tulimwita mgeni tu.

Asubuhi tulipanda kilima kilicho nyuma ya kijiji, ambako vijana huenda kupiga simu. Mdogo wangu aliinua mkono juu, mimi nikamenya karanga. Simu ikalia, ikalia tena, salamu za watu zikiingia kwa fujo. Akawa anazipitisha kwa kidole. Kisha akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na suruali yake safi.

“Nini?” nikauliza. “Amekufa?”

“Ameamka, Yaya. Ameota kama mbegu. Wanasema ameota vizuri sana.”

Tukashuka tukishikana mikono kama watoto. Mama mukubwa alituona kwa mbali, akapiga vigelegele kabla hatujafungua mdomo, na majirani wakatoka kuuliza ni nani kajifungua.

“Kitovu kimeanguka,” mdogo wangu akasema. “Yaya, sema sasa.”

Njia nzima nilikuwa nimetafuta jina jingine, na lililokuja ni ule mwiko wake ambao tayari tulikuwa tunamjua nao. Nikasema, “Asiyekula maziwa.”

Mdogo wangu akalirudia polepole, akatazama juu akilitafsiri kichwani. Alisema katika Kilatini litakuwa refu kidogo, lakini litapita.

“Vizuri,” akasema mama mukubwa. “Atakayemupokea kule atajua asimupe nini.” Kisha akanielekezea kidole ua wa nyuma, maana anayetoa jina ndiye anayetoa kuku, hata kwa mtoto asiyeonekana kwa macho. Kuku mwenyewe alikuwa mwepesi. Nilimkimbiza hadi kwenye mpunga, na nyuma yangu nilisikia mdogo wangu akicheka, simu ameiacha juu ya kiti.