Kivuli cha Mama Kilichobaki Jarubani

Nikiwa mtoto kijijini Kakese, nilijua kwamba mshipa wa mkono ukipiga kwa unyonge, kivuli cha mtu kimebaki mahali. Nyumbani kwetu hilo halikuwa na mjadala. Bibi, mama yake baba, alihama nalo kutoka Usukumani pamoja na ng'ombe wake.

Siku hiyo mama alianguka jarubani, kwenye mpunga. Alikuwa anaharisha na kutapika tangu jana yake, na bado alikwenda kupalilia. Walipomleta, Bibi akamshika mkono. Akasema mshipa unasikika kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Jua lilikuwa linachoma, lakini mikono ya mama ilikuwa baridi. Aliomba maji, akanyimwa, eti mwili ukijaa maji kivuli kinakosa pa kuingia.

Kivuli hufuatwa na mtoto wa kwanza. Huyo ni mimi. Nilipewa kitenge cha mama, nikitandike alipoanguka, nimwite jina lake, nikikunje, nirudi bila kuongea na mtu. Ukiongea tu, kivuli kinabaki palepale.

Nilikwenda peke yangu. Nikaita "Nyamizi", jina ambalo sikuwahi kulitamka, maana kwangu mama alikuwa mama tu. Hakuna kilichoitika.

Wakati wa kurudi watu walinisalimia, nikawapita kama mtoto asiyefunzwa. Baba Kulwa, jirani yetu mwenye bodaboda, akapunguza mwendo pembeni yangu.

"We binti, leo umemeza ulimi?" Akacheka, kisha akakiona kile kitenge. "Mama yako anaendeleaje?"

Nilikikumbatia. Nikaikumbuka ile mikono.

"Ana baridi," nikasema. "Anaomba maji, hawampi."

Hakuuliza zaidi. Akanipakia mpaka nyumbani, akabishana na Bibi mlangoni, kisha akampeleka mama zahanati, shangazi akiwa amemshikilia kwa nyuma. Huko akatundikiwa dripu. Muuguzi alitueleza kwamba mwili umekauka, damu haisukumwi kwa nguvu, ndiyo maana mshipa unasikika kwa shida. Kuna watu mshipa wao hausikiki kirahisi na ni wazima, alisema, lakini ukiusikia mnyonge hivyo, na mikono ya baridi, na mtu anaanza kupotewa na maneno, usingoje.

Kwa hiyo Bibi aliona sawasawa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Vidole vyake vilijua mama anaondoka, halafu akatumwa mtoto na kitenge.

Mama alipona. Mimi ndiye ambaye sikusamehewa. Mama akichoka mapema, akisahau chumvi kwenye mboga, shangazi zangu walinitazama. Binamu zangu wakaacha kulala nami mkeka mmoja. Mtu aliyemwacha mama yake jarubani, walisema, anaweza kumwacha yeyote. Nikazoea kulala upande wa ukuta.

Sasa niko chuo, nasimama kwenye midahalo, na sishindwi kirahisi. Hoja ya Bibi nimeshaivunja kichwani mara nyingi, yeye akiwa kaburini, hana wa kumtetea.

Likizo iliyopita tulikuwa tunapalilia jaruba lile lile, mimi na mama. Akanyoosha mgongo, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta jembe lake:

"Mwanangu, siku ile uliniacha upande gani?"

Majibu yote nilikuwa nayo. Na ningeongea tena na Baba Kulwa, siku yoyote ile. Lakini nilinyoosha mkono, nikamwonyesha, naye akaenda, akasimama pale.