Mama Gundi Alikataa Kuamuru

Zamani watu walimwomba Mungu wakiwa wamepiga magoti. Siku hizi wanamtuma kama tarishi, wakiwa wamesimama, kipaza sauti mkononi.

Nasema hivi kwa sababu ya mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa nasahihisha makosa ya chapa. Yeye alifunga vitabu. Alikunja karatasi, akashona kwa uzi, akapaka gundi mgongoni mwa kitabu, akakilaza chini ya shinikizo na kukiacha huko mpaka kikauke. Vidole vyake havikuisha gundi hata siku ya harusi yake, ndiyo maana tukamwita Mama Gundi. Mumewe alikuwa chumba kimoja naye, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Huyo tulimwita Rula, maana alijua kwa jicho tu kwamba ukurasa umekwenda upande. Waliokuja baada yao wakaona uzi unapoteza muda. Vitabu vyao unavifungua mara tatu, mara ya nne kurasa zote ziko mapajani. Lakini hayo si ya leo.

Tulisali kanisa moja, jengo dogo la matofali nyuma ya gereji. Tulikuwa na desturi yetu. Mwenye haja alisimama, akaisema mara moja, kwa maneno machache, kisha yeye mwenyewe, wala si mchungaji, akamalizia: "Nawe ufanye upendavyo." Tukanyamaza. Niliwaona watu wazima wakitoka jasho kabla ya kulitamka neno lile, kwa kuwa halikuwa pambo. Ukilitamka, ulikuwa unaiachia haja yako.

Rula alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakamwishia isipokuwa matatu manne. Daktari akasema: mazoezi kidogo kidogo, na asisimamishwe kamwe bila watu wawili kumshika. Jumapili ile mkewe alisimama.

"Bwana, huyu ni mume wangu. Nataka atembee. Nataka sana, unajua." Akaushika mgongo wa benchi la mbele. "Nawe ufanye upendavyo."

Mwaka uliofuata mchungaji wetu alistaafu, akaletwa kijana mmoja aliyetaka aitwe Mtumishi. Mtumishi gani huyo anayebebewa Biblia, anayefunguliwa mlango, anayepangusiwa kiti? Wiki ya tatu tu akamwita Mama Gundi mbele. Akaja, akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu.

"Mama, sema: Naamuru miguu hii itembee!"

"Nimeshaomba, mwanangu."

"Usiombe! Amuru!"

"Mwanangu, hata msimamizi wa kiwanda sikuwahi kumwamuru. Leo nianzie kwa Mungu?"

Kanisa zima likacheka. Kijana akabadilika uso.

"Mmesikia? Hilo 'upendavyo' lenu ndilo linalomfunga mzee huyu! Ni shaka iliyovaa nguo ya unyenyekevu. Kuanzia leo nisilisikie humu ndani!"

Hapo akainuka wifi wa Mama Gundi, dada mdogo wa Rula. "Kumbe ni wewe, wifi! Unataka kaka yangu akae kitini ili umtawale!"

"Wifi, hayo tungeulizana nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Kwa kaka yangu!"

Akamshika Rula kwapa moja, mhudumu wa kanisa akashika la pili, wakamwinua. Mama Gundi akapiga kelele, "Msimwachie! Daktari amekataza!" Lakini Mtumishi alikuwa ameshaanza kuhesabu kwenye kipaza sauti. Moja. Mbili. "Mwachieni kwa imani!"

Wakamwachia.

Nilikuwa benchi la tatu na niliusikia mfupa wa nyonga ukivunjika. Nilikuwa na mdomo vilevile, na sikuwa nimeutumia. Mtumishi akasema imani ya nyumba ile haikutosha, akaiomba kwaya wimbo. Wimbo! Mtu yuko sakafuni analia kwa nusu ya mdomo, nao wanapiga makofi! Mama Gundi alikwisha kupiga magoti, ameweka kitambaa chake cha kichwa chini ya kichwa cha mumewe. "Shikeni hapa. Wewe, usivute mkono huo. Wifi, acha kulia, leta kiti."

Nilimfuata hospitali na barua ya kurasa nne kwa wazee wa kanisa, nimeisahihisha mara mbili. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Ipeleke, shemeji. Asije akamwangusha mwingine. Ila hapa chini ulipoandika Mungu amlaani, pafute."

"Wewe huna hasira?"

"Ninayo. Nimemwachia Mungu alfajiri. Mpaka saa hizi nimeshaichukua tena mara mbili."

"Na mguu wa mzee?"

"Unadhani nimeacha kuomba? Naomba kila siku atembee. Namwambia ninavyotaka, simfichi. Kisha nauondoa mkono wangu. Nikiushikilia mguu huo mimi, yeye ataushika wapi?"

Nilifuta mstari ule, kwa shingo upande. Wazee wakanijibu kwa sentensi moja: kanisa linajaa siku hizi kuliko wakati wowote. Sijakanyaga tena pale. Rula hakutembea, na hasira yangu bado ninayo, sijamwachia mtu.

Mara ya mwisho niliwaona asubuhi walipokuwa wanahamia kwa binti yao. Yule wifi alikuwepo. Tangu ajali ile alikuwa anakuja kila siku kumwogesha kaka yake, na Mama Gundi hakuwahi kumkumbusha neno. Tulimwingiza Rula garini, mimi upande huu, mkewe upande ule.

"Utasali wapi huko?" nikamuuliza.

"Lipo kanisa jirani. Nasikia nao wana kipaza sauti kikubwa kuliko cha hapa." Akacheka mpaka akaushika mlango.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakaa nyuma kabisa, shemeji. Mungu anasikia hata huko nyuma."

Akapanda. Wifi yake akakaa upande wa pili, ameuweka mkono mfu wa kaka yake mapajani, anauchua kidole kimoja kimoja. Gari likaondoka.