Betri Niliyoizika Kimya

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapofungua boneti ya gari, hata nisipotaka. Jana uliponiuliza namna ya kusafisha ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri, nilikujibu kwa mkato ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Mawazo yalikuwa yamenirudisha Kishapu, nyumbani kwa mjomba wangu Luhende, enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyeusi na kiburi changu kingewatosha watu watatu.

Mjomba alikuwa na vitu viwili alivyovipenda: ng'ombe wake na pikapu kuukuu ya kubebea pamba. Mimi ndiye niliyeiendesha. Kijiji kizima dereva nilikuwa peke yangu, basi ufunguo nilitembea nao kidoleni hata nikienda kuoga. Ninyi vijana wa Katoro mna simu za kuringia. Mimi niliringa na ufunguo.

Asubuhi moja ya kiangazi gari lilikataa kuwaka. Nilipoinua boneti nikakuta vichwa vya betri vimevimba unga mweupe wenye ukijani. Fundi Salumu wa Shinyanga mjini alikuwa amenifundisha la kufanya, nami nakupa kama alivyonipa. Zima gari. Legeza waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Hakikisha vizibo vya betri vimekaza, halafu koroga magadi kwenye maji ya moto, umwagie kidogo kidogo huku unasugua kwa mswaki wa zamani mpaka chuma kionekane. Suuza, kausha, paka grisi. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia. Na macho yako uyalinde, unga ule si wa kushikwa kwa mikono mitupu.

Salumu aliongeza neno moja. Unga ukirudi kila wiki, alisema, huenda betri ina ufa, na betri mbovu haitupwi mahali panapopita mnyama wala mtoto. Neno hilo liliingia sikio hili likatokea lile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi guu nililovunja halikuwa langu.

Betri ilikuwa na ufa kweli. Nikaitoa, nikafunga ile tuliyokuwa tukisikilizia redio nyumbani. Ile mbovu nikaibwaga nyuma ya zizi. Ikapasuka, matope yake ya kijivu yakamwagika, na juu yake nikamimina karai zima la maji ya magadi. Nikanawa mikono, nikapakia pamba, nikaondoka huku napiga mluzi.

Wewe ni mtoto wa Kisukuma, habari za magadi na ng'ombe huna haja ya kuelezwa. Ng'ombe aliyezoea kulambishwa magadi huyatafuta popote yalipo. Walilamba ardhi ile, na magadi yalipokwisha wakaendelea na yale matope ya risasi, madini ya sumu yaliyomo ndani ya betri.

Baada ya siku chache ndama mmoja akaanza kusaga meno na kuzunguka pale pale. Macho yalikuwa wazi lakini haoni. Alikisukuma kichwa kwenye miti ya zizi mpaka akaanguka. Akafuata mama yake, wakafuata wengine, hadi wakafika saba. Mjomba alikuwa anashinda zizini tangu asubuhi bila kula.

Ndipo watu wakaanza kumtafuta mtu. Jirani yetu alikuwa mjane mmoja, Bibi Minza, ambaye mama yangu alipofariki ndiye aliyeninywesha uji. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, maana kuni kule zilikuwa zimekwisha na yeye alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kila asubuhi alikuja kuyaokota nyuma ya zizi la mjomba. Hilo likawatosha kumwita mchawi.

"Ni nani mwingine anayepita pale?" wakasema. "Na yale macho mnayaonaje?"

Hawakumpiga. Walimtenga. Wazee walikaa wakaamua asisalimiwe na mtu, asipewe moto, asichote maji kwenye kisima cha wote, na atakayemkaribia atozwe ng'ombe. Mimi nilikuwepo, nimeegemea gari, na nakiri sikujua bado. Niliwaamini.

Wiki ile ile nilipeleka gari kwa Salumu. Nikamsimulia habari za ng'ombe, wanavyozunguka, wanavyopofuka, na za mjane aliyetengwa. Akaweka spana chini.

"Ile betri uliitupa wapi?"

"Nyuma ya zizi."

"Loo, Masanja! Risasi kwenye ulimi wa ng'ombe ni tamu. Umewaua wewe. Nenda ukaseme leo, jua halijatua, maana huko kuna mtu anaadhibiwa badala yako."

Nilirudi na nia ya kusema, Mungu ni shahidi. Lakini nilipomwona mjomba ameinama juu ya ngozi za ng'ombe wake, ulimi ukawa mzito. Niliogopa kunyang'anywa ufunguo. Hilo tu, mwanangu, ufunguo wa pikapu kuukuu! Nikachimba shimo refu mbali na zizi, nikaizika betri na udongo wake wote. Nikajiambia kwamba hatakufa ng'ombe mwingine, watu watasahau, na bibi atarudishwa taratibu.

Ng'ombe wakaacha kufa. Na hapo ndipo nilipomwangamiza yule bibi.

"Mmeona wenyewe?" wazee wakaulizana. "Tangu tumtenge, hajafa hata mmoja."

Kuzika kwangu kukawa ushahidi wao. Hata wale waliokuwa na shaka sasa wakaamini. Asubuhi moja nilimkuta njiani akitoka kuchota maji ya dimbwi la mbali, ndoo kichwani, anahema. Akasimama kando kunipisha.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimia yeye, mkubwa, akaanza yeye.

Sikuitika. Nilitazama mbele, nikakanyaga mafuta, vumbi likamfunika. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Baada ya mwezi Bibi Minza akaondoka kwa miguu kwenda kwa binti yake Kolandoto. Vijana wakaezua paa lake siku iliyofuata. Nilipoona nyasi za nyumba nilimolelewa zimetupwa barabarani, chakula kikanikataa. Nikamfuata mjomba mbele ya wazee, nikasema yote. Hakunipiga. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, akaniambia niende nikamlete.

Nilimkuta amelala mkekani, kifua kinambana, amebaki mifupa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi. Ni mimi niliyewaua ng'ombe."

"Marahaba. Najua," akasema. "Nilikuona ukichimba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mchawi akisema, nani anamsikia? Nilikuwa nakungoja wewe. Kila kukicha nilijiambia, leo Masanja atasema."

Nilimsihi turudi. Akakataa, akasema hawezi kwenda kuishi na watu walioamini kuwa yeye ni mwovu kwa sababu ya macho yake. Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Mazikoni nilisimama nyuma kabisa, na binti yake alipopita akanipa mkono kwa adabu. Heri angenitukana.

Basi mwanangu, jibu la swali lako umelipata: hasi kwanza, magadi, grisi. Betri mbovu usiitupe mtaroni kama wafanyavyo wenzako, mbuzi wanakunywa humo. Iweke wima kwenye ndoo ya plastiki, mbali na watoto, mpaka uifikishe kwa wanaozikusanya. Lakini hayo hata fundi yeyote angekueleza. La kwangu ni hili: kosa likitoka mkononi mwako, liseme siku hiyo hiyo, kwa jina lako, mbele ya yule unayemwogopa. Usijidanganye kwamba umelitengeneza kimya kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kilichoniumbua kilikuwa cha mtu mwingine. Ukisikia watu wanamnyooshea kidole mzee asiye na mtetezi, simama uulize. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nimekuona wiki hii huli vizuri, na nimesikia kule kwenye karasha, mnakosagia mawe ya dhahabu, kuna kijana amefukuzwa kazi kwa sababu ya mawe yaliyopungua kwenye gari lako. Sikuulizi kitu. Kama hulijui jambo hilo, nisamehe uzee wangu. Kama unalijua, weka mswaki chini uende sasa hivi, betri nitaimalizia mimi. Mungu akutangulie njiani, aufanye mwepesi ulimi wako, na akukutanishe na kijana yule angali anakungoja.