Maji Yaliyotuama Chini ya Bustani

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, kazi yangu ilikuwa kutunza mabomba yaliyofukiwa chini ya nyasi za watu. Nilikuwa nimepanga chumba Kilimani, na wateja wangu wengi walikuwa Spring Valley, ambako nyumba hukaa juu karibu na barabara na bustani huteremka hadi mtoni.

Kunywesha nyasi za mteremkoni si sawa na kunywesha za tambarare. Ukifungulia maji kwa nguvu, yanakimbia chini kabla udongo haujayanywa. Na hata ukishafunga, yale yaliyobaki ndani ya bomba hayatulii. Yanateremka na kuchuruzika kwenye vichwa vya mwisho, vile vinavyochomoza kwenye nyasi kurusha maji. Ndiyo maana kule chini huwekwa vichwa vyenye kizibo ndani, cha kuyazuia bomba likizimwa. Hayo niliyajua vizuri. Nilikuwa hata nawafundisha wenzangu.

Mteja wangu mmoja alikuwa mama wakili mwenye ofisi katikati ya mji. Aliishi na baba yake, ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu, kama walivyomwita wajukuu wake. Mtunza bustani alikuwa mzee mpole wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa pale kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyenionyesha mabomba yalikopita, akihesabu hatua kutoka kwenye ukuta, na kila nilipofika aliniletea chai kwenye kikombe cha bati.

Julai moja, mashine ya kukata nyasi ilivunja vichwa vitatu vya chini. Nilienda mjini kutafuta vingine. Dukani wakaniambia vyenye kizibo vimeisha, nirudi baada ya wiki moja. Nikachukua vya kawaida, nikavifunga, nikajiambia nitakuja kuvibadilisha. Sikurudi dukani. Kulikuwa na kazi nyingine, na bustani ile ilionekana sawa.

Mwezi uliofuata nilipopita kukagua, yule mzee alinishika mkono akanipeleka chini.

"Fundi, hivi vipya mbona vinatoa machozi asubuhi yote?"

"Vitazoea," nikamjibu.

Nakumbuka alicheka kidogo, kwa heshima, kama mtu anayejua kwamba ameambiwa upuzi.

Kule chini palikuwa na benchi. Guka alikuwa na desturi ya kuteremka na fimbo yake baada ya chai ya asubuhi, kwenda kuota jua. Siku moja mwezi wa tisa aliteleza kwenye nyasi zilizooza kwa maji, akavunjika kifundo cha mkono. Binti yake alinipigia simu siku hiyo hiyo, nami nikaenda kabla ya saa sita. Nilimkuta amesimama kwenye tope na viatu vyake vya ofisini.

"Haya maji yametoka wapi?" akaniuliza. "Bomba limepasuka?"

Niliinama, nikajifanya nachunguza. Vile vichwa vitatu vilikuwa mbele ya macho yangu. Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini niliuona uso wake, nikafikiria jina langu katika mtaa mzima, nikainua macho nikauona mpira mweusi wa kunyweshea wa yule mzee ukiwa umelala kando ya matuta yake manne ya sukuma wiki.

"Bomba liko sawa, madam," nikasema. "Labda ni mpira huachwa wazi."

Nilisema *labda*. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya neno hilo.

Yule mzee alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. "Mimi sijafungua mpira huku wiki hii yote," akasema, taratibu. Mama wakili akautazama ule mpira. Yule mzee akanitazama mimi. Nami nikafungua mkoba wangu, nikaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Jumamosi hiyo yule mzee alifukuzwa kazi. Mimi nilikuwa nimeshanunua vichwa vyenye kizibo, nikavibadilisha siku mama wakili alipokuwa kazini. Baada ya wiki mbili pale chini palikuwa pamekauka kabisa.

"Unaona?" mama wakili akaniambia. "Tangu aende, hakuna maji. Asante sana, fundi. Nimekutaja kwa majirani."

Kweli alikuwa amenitaja. Nilipata bustani tatu mpya katika barabara ile, na kila nilipoingia kwenye lango la yoyote kati ya hizo nilihisi nimeingia na nguo ya mtu mwingine. Guka naye alikuwa akikaa barazani, mkono umefungwa, akimwuliza kila anayepita yule rafiki yake yuko wapi.

Mwaka uliofuata, mteja mmoja alinituma kununua miche kwenye vitalu vya kando ya Ngong Road, karibu na Adams Arcade. Nilikuwa nachagua maua nilipomwona mtu akinyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa. Alikuwa ni yule mzee, amekonda. Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Fundi! Habari za siku nyingi?" Akajipangusa mkono kwenye suruali, akanipa. Kisha akauliza, "Guka mkono ulipona?"

Nilimwambia yote pale pale, tumesimama kati ya miche, kwa haraka haraka, huku nikitazama viatu vyangu.

"Nilijua," akasema nilipomaliza. "Nilikuwa naamka na hayo maji kila siku."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nilisema. Wewe ulikuwa hapo." Aliweka kopo chini. "Lakini wewe ndiye fundi. Sasa mimi usiniambie. Nenda umwambie yeye."

Ilinichukua wiki tatu kwenda. Wiki tatu hizo ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu sikuwa tena na kisingizio chochote. Mama wakili alinisikiliza barazani bila kunikatiza. Mwishowe akasema, "Baba yangu aliniambia yule mzee hawezi kuacha mpira wazi. Nikakuamini wewe." Akaniomba niache ufunguo wa kisanduku cha saa inayofungulia maji na nisirudi. Majirani nao walisikia, na kati ya bustani tatu nilibaki na moja.

Alimwita yule mzee arudi, akakataa. Aliomba barua tu, ya kusema alifanya kazi vizuri kwa miaka tisa. Mama wakili aliiandika kwenye karatasi ya ofisi yake, akanipigia simu niipeleke mimi mwenyewe.

Niliipeleka kule kwenye vitalu asubuhi moja. Mzee aliisoma polepole hadi mwisho, akairudia, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyarudia njia nzima. Nilipofungua mdomo, akanyoosha kidole kwenye miguu yangu.

"Sogea kidogo, fundi. Umekanyaga miche."

Nikasogea. Akachukua kopo lake, akaendelea na kazi.