Mihambo wa Maghala ya Reli

Enzi zetu, wenzangu mliosoma kwa kibao na kalamu ya jiwe, mtoto wa kijiji cha Kwihara aliamka jogoo wakiwika, akala kiporo cha viazi na karanga, akashika njia ya kwenda shule Tabora kwa miguu. Ni njia ileile waliyopita babu zetu wapagazi, pembe za ndovu begani. Sisi tulibeba michembe, viazi vilivyokaushwa juani, tukaitafuna njia nzima. Wajukuu zangu leo ukiwatuma dukani wanauliza kama bodaboda zimegoma.

Nilitembea na Luhende, mtoto wa baba yangu mdogo. Yeye alikuwa mrefu, mpole, hachoki kuimba nyimbo za kanisani. Mimi nilikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na jiwe nikilirusha halikosei.

Karibu na stesheni vijana watatu wa mjini walianza kutunyang'anya michembe. Siku tatu mfululizo tulishinda na njaa. Siku ya nne akatokea kijana mkubwa aitwaye Mihambo, amevaa koti la kijeshi ingawa vitani hakwenda. Akamzaba mmoja wao kibao, akanirudishia michembe yangu.

"Kuanzia leo wewe ni mdogo wangu," akasema. "Nani atakugusa?"

Nilijiona nimerefuka. Nikawa kila nikitoka shule napitia kijiweni kwake, nyuma ya maghala ya reli, kwenye moshi wa treni na maandazi ya moto aliyotugawia. Nyumbani nilikuwa wa tano kati ya watoto wanane. Pale nilikuwa Risasi, jina alilonipa mwenyewe. Kwanza nilitumwa kuangalia kama askari anakuja. Baadaye nikaambiwa nirushe jiwe kwenye dirisha la duka, kisha kwenye mgongo wa kijana wa mtaa wa pili. Kila mara niliogopa, na kila mara waliponishangilia woga uliyeyuka.

Siku moja nikawakuta wale wezi watatu wa michembe wameketi na Mihambo, wanakula sahani moja. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwatuma. Nilielewa palepale. Nikaketi, nikala nao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Luhende alinisihi njiani. "Ndugu yangu, wale watu ipo siku watakufanya uue."

Nikamcheka. Yeye akamweleza mwalimu wetu, na askari wakaja kulitimua kundi. Kesho yake Mihambo akanivuta kando.

"Aliyetuchongea ni nduguyo. Utaanza wewe kumpiga, tuone uko upande gani."

"Nikikataa?"

Akatabasamu, akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. "Risasi, unajua mambo yetu mangapi?"

Alasiri ile Luhende alikuwa akinisubiri kando ya reli. Aliona kundi linakuja, lakini hakukimbia kwa sababu aliyekuwa mbele ni mimi.

"Umechelewa," akasema. "Twende."

Nikainua rungu nililopewa kijiweni, nikampiga kichwani. Wengine wakamvamia. Nikaanza kupiga kelele, "Basi! Basi jamani!" Hakuna aliyenisikia. Walipotawanyika, damu ilikuwa ikimtoka sikioni.

Nilimkokota mpaka nyumbani. Luhende aliwaambia wazazi wake kwamba ameanguka mtini akirina asali. Kwa siku mbili nilijificha ndani. Nikisikia hatua uani nilidhani Mihambo amenifuata. Nikimsikia baba mdogo akikohoa nilidhani amejua. Siku ya tatu nikamweleza mama kila kitu. Nilingoja fimbo. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka kwa baba mdogo, nikarudia yote mbele ya Luhende. Luhende alitazama chini, akasema tu, "Nilijua hukutaka."

"Kesho nakusindikiza shule," mama akasema.

Muhula mzima, mwanamke yule aliacha jembe lake akanipeleka na kunirudisha, nami nikiona aibu ya kutamani ardhi inimeze. Siku ya kwanza alisimama mbele ya maghala, mimi nyuma yake.

"Hamjambo, wanangu?"

Walitazamana. Kisha Mihambo, ndani ya koti lake, akajibu kwa sauti ndogo, "Hatujambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ni wangu."

Hawakunigusa tena. Mwaka uliofuata Mihambo na wenzake wawili walifungwa kwa kumchoma mtu kisu sokoni. Nilihesabu waliokuwa karibu naye kijiweni, nikajua kwamba kama ningebaki, mmoja wa wale wawili angekuwa mimi.

Luhende hakusikia tena kwa sikio la kushoto. Mpaka anafariki, tukitembea pamoja alihakikisha niko kulia kwake, anisikie vizuri, na kisa kile hakukigusa hata mara moja.

Siku hizi wenzangu wakisema vijana wameharibika, siwaungi mkono. Sisi hatukuwa bora. Tulikuwa na bahati kwamba kundi lililotuita lilikuwa na mahali pake, na mama angeweza kwenda pale kwa miguu akalitazama usoni. Mjukuu wangu wa miaka kumi na minne ameanza kupigiwa simu na watu asiotaja majina yao. Anatoka nje kuzungumza nao, akirudi ananiambia, "Washikaji tu, babu." Mama yangu alijua aende wapi. Mimi nimevaa viatu, nimesimama mlangoni, sijui nielekee upande gani.