Siku Posa ya Rashidi Ilipofufuka

Jamani, mimi ndiye niliyetaka kuivunja ndoa ya dada yangu kwa kidole kimoja, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu hapa Ujiji hata muuza maandazi anaisimulia, tena anatia chumvi.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu (mama huwaambia watu "anashinda kwenye kompyuta"), na dada Mwajuma alipochumbiwa nikatengeneza ya kuwatumia ndugu meseji za maandalizi. Ningeweza kufanya kama wengine, taarifa mpya ikiingia ya zamani inafutika, yakaisha. Lakini nilikuwa nimejifunza mtindo wa kutunza matukio, yaani hakifutwi kitu, kila tukio linapangwa nyuma ya mwenzake, na ukitaka kujua mambo yamefikia wapi programu inayapitia yote tangu mwanzo. Nikajiona fundi.

Sasa mchumba wa kwanza alikuwa Rashidi, wa mtaa wa pili, wakashindwana, posa ikarudishwa. Akaja Idi wa Mwamgongo, kijiji cha huko kando ya ziwa, mpole kweli. Idi habari za Rashidi alizijua, ila wazee wake hawakuzijua, na baba yake mdogo ndiye msemaji wa familia na ni bingwa wa kununa. Dada akaniuliza, "Rashidi umemtoa humo?" Nikamjibu nimemtoa (na kweli, niliongeza tukio linalosema Rashidi ametolewa).

Asubuhi ya ndoa, wakwe wakiwa kwenye boti wanakuja, mama akataka idadi ya wageni apime mchele, nikafungua programu, inasema wageni sifuri. Nikaona kitu kidogo tu hicho, ngoja niiambie ipitie matukio yote upya, nikabonyeza, na nilichosahau ni kwamba kila tukio lilikuwa na meseji yake, kwa hiyo programu ikilipitia inaituma tena, kwa kila mtu aliyemo sasa hivi, wakwe wakiwemo.

Simu zikaanza kulia nyumba nzima. "Posa ya Rashidi imepokelewa." "Ndoa ya Mwajuma na Rashidi ni mwezi ujao, karibuni." Nikakimbia kuchomoa waya wa umeme (kompyuta ina betri, na mtaalamu ndiye mimi). Shangazi akanitazama akasema taratibu, "Wewe mtoto, leo umetupiga tukio." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ikaita yangu. Baba mdogo wa Idi.

"Shikamoo, mzee."

"Hiyo nitaiitikia baadaye. Rashidi ni nani? Tumezima mashine, tuko katikati ya ziwa."

 Dada mikono yote ina hina mbichi, akaniambia nimwekee simu sikioni, nami nikaishika.

"Baba, shikamoo. Rashidi alinichumbia, tukaachana, ndipo nikampata Idi, na Idi anajua. Ni hayo tu. Sasa mnakuja, au pilau tuwape majirani?"

 Nilikuwa nasikia maji yanapiga boti. Dada hakupepesa jicho, ila machozi yalikuwa yanamshuka, na hapo ndipo nilipojichukia kweli. Kisha tukamsikia mzee akimwambia nahodha, "Washa, twende. Huyu mwanamke anajua kusema."

Ndoa ikafungwa adhuhuri, mimi nikapelekwa nyuma kusugua masufuria. Nimeapa, programu yangu ikirudia ya zamani, irudie kimyakimya. Na yule mzee mpaka leo akinipigia haniulizi hali, ananiuliza kama baada ya Rashidi kuna mwingine niliyemtunza.